Mswada wa Watu Wawili: Uhakiki wa Makala ya Mpemba na Osborne (1969) kama Kielelezo cha Kuandaa Makala ya Jarida

Ikisiri

Makala hii inahakiki andiko la E. B. Mpemba na D. G. Osborne lililochapishwa mwaka 1969 katika jarida la Physics Education chini ya kichwa "Cool?". Andiko hilo linajulikana zaidi kwa tukio la maji ya moto kuganda kabla ya maji ya baridi. Hapa linasomwa kwa jicho jingine, yaani kama mswada wa utafiti ulioandaliwa ili upelekwe katika jarida la kitaaluma, na ambao mwandishi wake wa kwanza alikuwa mwanafunzi wa chuo kilichopo Mweka, juu ya mji wa Moshi. Uhakiki unaonesha kuwa mswada huo ulifanikiwa kwa sababu ulitenganisha kilichoonwa, kilichopimwa na kilichodhaniwa, na kumpa kila mhusika nafasi yake. Unaonesha pia kuwa udhaifu wake mkubwa uko katika kutofafanua neno moja, kuganda, na kwamba udhaifu huo umechangia mjadala ambao haujafungwa hadi leo. Mwisho, makala inatoa mapendekezo kwa wanafunzi, wasimamizi na watahini wanaotaka tasnifu zizae makala za jarida.

1.0 Utangulizi

Tasnifu inaweza kutahiniwa, kusahihishwa na kuhifadhiwa mtandaoni, lakini hoja yake isipate msomaji nje ya jopo la watahini. Njia ya kawaida ya kuitoa humo ni kuandaa mswada wa makala na kuupeleka katika jarida, ambako mhariri na wapitiaji wasiomfahamu mwandishi wataupima. Vitabu vya mbinu za utafiti hueleza hatua hiyo kwa orodha: ikisiri, utangulizi, mbinu, matokeo, mjadala na marejeleo. Orodha hiyo ni ya lazima, ila haitoshi. Haimwelezi mwanafunzi afanye nini pale ambapo aliona jambo kabla hajajua kulipima, au pale ambapo vipimo vilifanywa na msimamizi wake ilhali swali lilikuwa lake yeye.

Uhakiki huu unachunguza masuala hayo kwa kutumia mfano halisi wenye mizizi Tanzania. Mfano huo umeteuliwa kwa sababu mbili. Kwanza, jina la mwanafunzi lilitangulia jina la mhadhiri, jambo ambalo hata leo huzua mivutano kati ya wanafunzi na wasimamizi. Pili, matokeo yake yamejaribiwa upya mara nyingi, hivyo tunaweza kuona ni sehemu ipi ya mswada iliyohimili ukaguzi na ni ipi iliyoacha mwanya.

2.0 Usuli wa Makala

Mwaka 1963, Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, mkoani Tanga. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aisikrimu kwa kuchemsha maziwa, kuchanganya na sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyaweka kwenye friza. Nafasi ya friza ilikuwa haba. Mwenzake mmoja aliweka maziwa yasiyochemshwa ili awahi nafasi, naye Mpemba akaweka ya kwake yakiwa bado moto. Baada ya takribani saa moja na nusu, maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda, na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, alijibiwa kuwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akiuza aisikrimu mjini Tanga alimweleza kuwa kuweka mchanganyiko ukiwa moto ni desturi ya kazi hiyo.

Mpemba aliendelea na masomo ya juu ya sekondari Mkwawa, Iringa. Huko alijaribu kwa maji badala ya maziwa, akitumia bika mbili ndogo. Dkt. Denis Osborne wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam alipofika shuleni kutoa mhadhara, Mpemba alimuuliza swali lake mbele ya wenzake, nao wakamcheka. Osborne hakulipuuza. Aliporudi Dar es Salaam aliagiza jaribio lifanyike, kisha akafanya vipimo zaidi. Makala ilipochapishwa mwaka 1969, Mpemba alikuwa mwanafunzi wa Chuo cha Usimamizi wa Wanyamapori Afrika, Mweka, kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye mteremko wa kusini wa Kilimanjaro. Kwa hiyo ugunduzi huo wa fizikia ulichapishwa na mtu aliyekuwa anasomea uhifadhi wa wanyamapori. Taaluma aliyosajiliwa haikumzuia kuwa mwandishi wa kwanza.

3.0 Sauti Mbili Katika Mswada Mmoja

Sifa ya kwanza inayoonekana katika makala hii ni muundo wake. Sehemu ya kwanza ni ya Mpemba, naye anasimulia kwa nafsi ya kwanza alichokiona, alipokiona na aliyemweleza. Sehemu ya pili ni ya Osborne, naye anaeleza vifaa, vipimo na matokeo. Sauti hizo hazikuyeyushwa ziwe moja. Mtahini aliyezoea tasnifu za leo angeweza kuiona sehemu ya kwanza kuwa pambo, na huenda angependekeza iondolewe ili kubakiza sayansi.

Uhakiki huu haukubaliani na mtazamo huo. Masimulizi ya Mpemba ni data. Yanaonesha kuwa tukio lilionwa kabla ya kuwapo nadharia yoyote ya kulitetea. Yanaonesha pia kuwa lilionwa na watu waliokuwa hawajaafikiana: mwanafunzi shuleni na muuzaji wa aisikrimu mjini. Ushahidi wa muuzaji una uzito wa pekee. Ni maarifa ya kazi yaliyokuwapo nje ya darasa, nayo yameingia katika jarida la kitaaluma pamoja na maelezo ya mahali yalikotoka. Mapitio ya maandiko yangeweza kuanzia kwa Aristotle, Francis Bacon au René Descartes, ambao kila mmoja kwa wakati wake aliandika juu ya maji yaliyopashwa moto na wepesi wake wa kuganda. Mpemba hakuanzia kwao. Alianzia jikoni, na mswada haukuficha hilo.

Hata hivyo, shahidi peke yake hatoshi, na mlima ambao Mpemba alikuwa akisomea chini yake ulikwisha kutoa funzo hilo zaidi ya karne moja kabla. Mwaka 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 1849 katika Church Missionary Intelligencer, jarida la chama chake cha misheni. Huko London, mwanajiografia William Desborough Cooley aliikataa kwa nguvu bila kukanyaga Afrika Mashariki. Rebmann alikuwa amesema kweli, lakini mswada wake ulikuwa na macho ya mtu mmoja tu, bila kipimo ambacho msomaji wa mbali angeweza kukikagua. Ubishi ulipungua nguvu baada ya msafara wa Karl Klaus von der Decken na mwanajiolojia Richard Thornton mwaka 1861 kupeleka vipimo na uchunguzi wa pili. Mpemba na Osborne waliweka pamoja, ndani ya mswada mmoja, vitu viwili ambavyo katika kisa cha Rebmann vilitenganishwa na miaka kumi na mitatu: ushuhuda na upimaji.

Muundo huo pia unajibu suala la umiliki. Mwongozo unaotumiwa sana na majarida ya tiba unataka kila anayeitwa mwandishi awe amechangia wazo, data au ufafanuzi wake kwa kiasi kikubwa, ameshiriki kuandika au kurekebisha, ameidhinisha toleo la mwisho, na yuko tayari kuwajibika kwa kazi nzima. Mwongozo wa namna hiyo haukuwapo mwaka 1969, lakini msomaji wa makala hii hahitaji kubahatisha. Swali na ushuhuda ni vya Mpemba, na vipimo vya kina ni vya Osborne. Mhadhiri angeweza kumtaja mwanafunzi katika shukrani tu, kwa hoja kwamba vifaa na maabara vilikuwa vyake. Hakufanya hivyo. Laiti angefanya, tukio hilo lisingebeba jina ambalo fizikia inalitumia leo.

4.0 Uteuzi wa Jarida na Kichwa

Physics Education ni jarida la wanaofundisha fizikia. Uteuzi huo ulikuwa sahihi. Makala ilibeba madai mawili: dai la fizikia kuhusu maji, na dai la ufundishaji kuhusu namna swali la mwanafunzi linavyopokewa. Jarida la fizikia tupu lingetaka dai la pili liondolewe, na jarida la elimu tupu lingepunguza la kwanza. Mwaka huohuo, George S. Kell alichapisha katika American Journal of Physics makala kuhusu kuganda kwa maji ya moto na ya baridi, naye alilifafanua tukio kwa mvukizo: maji ya moto hupoteza sehemu ya ujazo wake, hivyo kinachobaki cha kuganda ni kidogo. Makala mbili juu ya jambo moja, katika mwaka mmoja, zilikwenda kwa wasomaji tofauti, na kila moja iliandaliwa kwa ajili ya wasomaji wake. Mwanafunzi anayetuma mswada uleule katika majarida matano mfululizo bila kubadili hata aya moja huwa bado hajajiuliza anaandika kwa ajili ya nani.

Kichwa ni suala jingine. "Cool?" ni kichwa chenye mvuto, na msomaji wa Kiswahili atautambua mchezo wake kwa urahisi, kwa kuwa neno letu poa nalo hubeba maana mbili, ya kupungua joto na ya kuwa jambo zuri. Lakini kichwa hicho hakitaji maji, wala kuganda, wala joto la mwanzo. Kwa msomaji wa mwaka 1969 aliyepekua jarida ukurasa kwa ukurasa, hilo halikuwa tatizo kubwa. Kwa mtafiti wa leo anayetafuta katika hifadhi ya mtandaoni kwa maneno muhimu, kichwa cha namna hiyo hufukia kazi. Makala hii imeokolewa na umaarufu wake, na wanafunzi wengi hawawezi kutegemea bahati hiyo.

5.0 Kipimo na Neno Lisilofafanuliwa

Sehemu ya Osborne inaeleza kuwa sampuli za maji za sentimita za ujazo 70 ziliwekwa katika bika za sentimita za ujazo 100, juu ya kipande cha povu la polistirini, ndani ya chumba cha barafu cha jokofu la nyumbani. Povu hilo lilizuia joto lisipotelee chini kwa kugusana na sakafu ya jokofu. Kilichopimwa ni muda hadi maji yaanze kuganda. Muda ulikuwa mrefu zaidi joto la mwanzo lilipokuwa nyuzi 25 za Selsiasi, na ulipungua sana joto la mwanzo lilipokaribia nyuzi 90. Upotevu wa ujazo kwa mvukizo na hewa iliyoyeyuka majini vilichunguzwa, na vyote viwili vikaondolewa katika orodha ya sababu kuu. Ilibainika pia kuwa joto kubwa lilipotea kupitia uso wa juu wa maji.

Huu ni uandishi mzuri wa mbinu kwa vigezo vingi. Msomaji anajua ujazo, chombo, kizuizi cha joto na kilichopimwa. Anajua pia maelezo gani yalijaribiwa na kukataliwa. Kukataa mvukizo kulikuwa na thamani ya pekee kwa sababu ndio ufafanuzi uliopendekezwa na Kell mwaka huohuo.

Kasoro inajitokeza tunaposoma sehemu mbili za makala kwa pamoja na kuuliza kuganda ni nini. Kule Magamba, kuganda kulimaanisha maziwa yenye sukari kuwa aisikrimu ngumu. Katika jaribio la Mkwawa, ulinganisho ulihusu bika ipi ilikuwa na barafu nyingi zaidi baada ya saa moja, kwa kuwa hakuna iliyokuwa imeganda yote. Katika vipimo vya Osborne, kuganda kulimaanisha mwanzo wa barafu kuonekana. Hivi ni vipimo vitatu tofauti, na neno moja limevibeba vyote. Maji yanaweza kuanza kuganda mapema na kuchelewa kuganda yote. Yanaweza pia kushuka chini ya nyuzi 0 yakiwa bado kimiminika, kisha yakaganda kwa ghafla, na wakati wa tukio hilo hutofautiana kati ya chombo na chombo. Mabadiliko ya kitu kilichopimwa, kutoka maziwa kwenda maji, yalielezwa wazi na Mpemba mwenyewe. Mabadiliko ya kigezo hayakupewa uzito uleule.

Athari za pengo hilo zimeonekana. Mwaka 2016, Henry Burridge na Paul Linden walichapisha katika Scientific Reports uchunguzi uliokana kuwapo kwa tukio hilo katika maana yenye umuhimu. Ili kukwepa utata wa kuganda, walichagua kigezo cha nne: muda wa maji kupoa hadi nyuzi 0. Walionesha pia kuwa tofauti ya takribani sentimita moja katika kimo cha kipimajoto ndani ya chombo inaweza kuzalisha picha ya uongo ya tukio hilo, kwa kuwa maji ya juu na ya chini hayana joto sawa. Hoja yao ni nzito. Hata hivyo, msomaji makini ataona kuwa kukana kwamba maji ya moto hupoa upesi hadi nyuzi 0 si sawa na kukana kwamba yanaweza kuanza kuganda mapema. Pande zote mbili zinajadili jina moja huku zikipima mambo tofauti. Sentensi moja ya ufafanuzi mwaka 1969 isingemaliza ubishi, lakini ingewaonesha wote wanabishania nini.

Kwa wanaoandika kwa Kiswahili, funzo hili ni la karibu. Kitenzi kuganda hutumika kwa maziwa yanayochacha, damu inayokauka kidondani, mafuta yanayoshikana wakati wa baridi na maji yanayogeuka barafu. Upana huo ni utajiri katika fasihi na ni mtego katika sura ya mbinu. Hali ni hiyohiyo kwa maneno kama maendeleo, uelewa, ushiriki na umahiri, ambayo hujaa katika vichwa vya tasnifu. Mtahini anayekutana na neno la namna hiyo katika kichwa ana haki ya kuuliza limepimwaje, na katika ukurasa gani.

6.0 Mipaka ya Hitimisho

Sifa ya mwisho ya makala ni kujizuia kwake. Waandishi walieleza walichokiona, wakaondoa maelezo mawili, wakaonesha njia kuu ya joto kupotea, kisha wakaiacha sababu kamili wazi. Hawakudai kuwa maji ya moto huganda kwanza siku zote na mahali pote. Madai ya aina hiyo yalizalishwa na masimulizi ya baadaye, ambayo hukumbuka mwanafunzi aliyechekwa na kusahau bika, povu na nyuzi 25.

Umuhimu wa kujizuia huko unaonekana zaidi kwa kulinganisha na makala nyingine kuhusu barafu, safari hii barafu ya kileleni Kilimanjaro. Mwaka 2002, Lonnie Thompson na wenzake walichapisha katika Science matokeo ya mihimili sita ya barafu waliyoichimba mlimani mwaka 2000. Data zao zilikuwa nyingi na za thamani: kumbukumbu ya hali ya hewa ya takribani miaka 11,700, na ushahidi kuwa eneo la barafu lilikuwa limepungua kwa takribani asilimia 80 tangu 1912. Mswada huo ulibeba pia utabiri kwamba, hali ikiendelea vilevile, barafu ingetoweka kati ya 2015 na 2020. Sharti lilikuwapo katika sentensi. Lakini kilichosafiri ni mwaka, na sharti likabaki nyuma. Mwaka 2020 ulifika na barafu bado ilikuwapo, ingawa ilikuwa imepungua sana. Nicolas Cullen na wenzake, katika makala ya mwaka 2013, walipima upya kupungua huko, kutoka kilomita za mraba 11.40 mwaka 1912 hadi 1.76 mwaka 2011, wakakadiria kuwa sehemu kubwa ya iliyobaki itatoweka kufikia 2040.

Ulinganisho huu haukanushi kupungua kwa barafu, ambako pande zote zimekupima. Unaonesha tu kuwa sentensi moja ya hitimisho inaweza kuwapa wenye shaka sababu ya kudharau kurasa nzima za data sahihi. Kwa wakazi wa miteremko ya Kilimanjaro, ambao husoma habari za mlima wao kupitia muhtasari wa vyombo vya habari, gharama ya sentensi hiyo si ya kitaaluma peke yake. Mwandishi wa mswada anapaswa kuipima sentensi yake ya mwisho kwa ukali uleule anaoutumia kupima data zake.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala ya Mpemba na Osborne imefaulu katika mgawanyo wa sauti, umiliki, uteuzi wa jarida na mipaka ya hitimisho. Imepungukiwa katika kichwa na, zaidi ya yote, katika ufafanuzi wa kigezo chake kikuu. Mapungufu hayo hayaondoi heshima yake. Yanaifanya iwe kielelezo bora zaidi cha kufundishia kuliko makala isiyo na dosari inayoonekana, kwa kuwa mwanafunzi anaweza kufuatilia kila uamuzi na matokeo yake kwa zaidi ya nusu karne.

Mapendekezo manne yanatokana na uhakiki huu. Kwanza, mwanafunzi anayegeuza tasnifu kuwa mswada aandike mapema, kabla ya kukata sura, aya inayoeleza nani aliuliza swali, nani alikusanya data na nani alizichambua, na aya hiyo isainiwe na msimamizi. Pili, kila istilahi iliyomo katika kichwa ifafanuliwe kwa kipimo katika sura ya mbinu, na ibaki na maana hiyohiyo hadi ukurasa wa mwisho. Tatu, ushuhuda wa wenyeji na wenye kazi zao, kama ulivyokuwa wa muuzaji wa aisikrimu wa Tanga, usifutwe kwa kuwa hauna marejeleo. Uelezwe chanzo chake, kisha ujaribiwe. Nne, kila sharti la hitimisho lirudiwe katika ikisiri, kwa sababu ikisiri ndiyo sehemu ambayo wengi wataisoma.

Kwa watahini, linabaki jukumu moja. Swali la Mpemba lilikataliwa kwanza na mtu aliyekuwa na mamlaka ya kulijibu, na lilipona kwa sababu mtu wa pili mwenye mamlaka alikubali kulipima kabla ya kulihukumu. Mfumo wa tasnifu haupaswi kumlazimisha mwanafunzi asubiri bahati ya kukutana na msomaji wa pili. Pale data zinapopingana na matarajio, ripoti ya mtahini iombe kipimo kirudiwe na kigezo kifafanuliwe, na ndipo itoe uamuzi.